Tusimwandike kuwa Hayupo



Majilio yanapofika, parokia zetu za Goma hubadilika sura. Kwaya hurudia nyimbo mpaka giza linaingia, vijana wa Xaveri na wa Kiro hupangiwa milango ya kanisa, akina mama hufua vitambaa vya altare, na wazazi huhesabu faranga wakitafuta nguo mpya za watoto, kwa maana hapa kwetu mtoto asiye na nguo ya Noeli hujiona kama hakualikwa. Katika matayarisho hayo yote tunalo daftari moja ambalo hatulifikirii sana, nalo ni daftari la mahudhurio. Aliyekuja huandikwa kuwa yupo, asiyekuja huandikwa kuwa hayupo. Tunaandika tafakari hii kwa sababu ya neno hilo la pili, na kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kulitumia vibaya.

Kwaya yetu ina kanuni, na wengi wenu mnayo ya namna hiyo: anayekosa mazoezi matatu katika Majilio haimbi usiku wa Noeli. Kanuni hiyo ilitungwa kwa nia njema, kwa kuwa wapo wanaokuja kuimba siku ya sikukuu bila kujua hata mwanzo wa wimbo. Mwaka mmoja dada yetu mmoja, muuguzi katika chumba cha kuzalia cha hospitali moja ya hapa mjini, alikosa mazoezi manne. Alikuwa ameleta karatasi ya zamu zake, lakini tuliisoma kama kisingizio. Jina lake likafutwa. Mmoja wetu alisema kwamba anayempenda Mungu hupata nafasi, na wengine tukaitikia kwa kichwa.

Alasiri ya Noeli baadhi yetu tulikwenda hospitalini hapo kumpelekea chakula mama wa shirika letu aliyejifungua. Bado tulikuwa tumevaa sare za kwaya. Tulimkuta dada yetu kazini, ingawa zamu yake ilipaswa kwisha asubuhi; mwenzake wa kumpokea alikuwa amekosa njia ya kufika. Alitusalimu kwa furaha, akauliza kwanza ni wimbo gani uliofungua Misa, na kama sauti ya pili ilishika vizuri mahali pale tulipozoea kukosea. Kisha akatueleza kwamba watoto wanne walizaliwa usiku ule. Mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa muda mrefu alisikia kengele za kanisa kwa mbali, akaanza kulia, kwa kuwa tangu utoto wake hakuwahi kukosa mkesha. Dada yetu akamwimbia ule wimbo wetu wa mwanzo, peke yake, huku akimfuta jasho. Alitusimulia hayo bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza habari za nyumbani. Sisi tulishika vyombo vyetu vya chakula, na hakuna aliyejua la kujibu.

Tumelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Tunaamini kwamba kosa letu halikuanzia katika daftari. Lilianzia katika namna tunavyoielewa sikukuu.

Sikukuu ni ya nani?

Wengi wetu tumekua tukidhani kwamba sikukuu inakaa mahali pamoja, yaani kanisani kwanza na mezani baadaye, na kwamba asiyekuwa mahali hapo ameikosa. Wako hata wauguzi wenyewe wanaoungama kwamba walifanya kazi siku ya Noeli, kana kwamba waliiba. Ni vizuri basi kukumbuka Kanisa linafundisha nini.

Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa inatudai siku ya Dominika na siku za sikukuu zilizoamriwa tushiriki Misa na tuache kazi zile zinazozuia ibada, furaha na pumziko la siku ya Bwana. Hiyo ni amri ya kweli, wala hatutaki kuipunguza. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2185, inaeleza kwamba mahitaji ya familia na huduma kubwa ya jamii ni sababu halali ya kutopumzika siku hiyo. Namba inayofuata inatukumbusha kwamba uchaji wa Kikristo tangu zamani umeiweka Dominika iwe siku ya matendo mema na ya kuwahudumia kwa unyenyekevu wagonjwa, walemavu na wazee. Tafakarini hilo vizuri. Kumhudumia mgonjwa hakukuwekwa nje ya sikukuu kama jambo la kusamehewa tu. Ni sehemu ya mambo ambayo sikukuu iliwekwa kwa ajili yake.

Yesu mwenyewe alilipa jambo hilo gharama. Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka alimponya siku ya sabato mama aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18. Mkuu wa sinagogi alikasirika, akawaambia watu kwamba siku za kazi ni sita, waje waponywe katika hizo. Hoja yake ilikuwa na mpangilio mzuri, kama daftari letu. Bwana alimjibu kwa mfano wa ng'ombe na punda, ambao kila mtu huwafungua siku ya sabato ili wakanywe maji. Miaka 18 ilikuwa imetosha. Hakutaka mama yule angoje hata siku moja zaidi.

Tena, ni nani waliokuwa wa kwanza kupata habari ya Noeli? Luka anatuonyesha wachungaji walioko kondeni, wakipokezana zamu za usiku. Malaika hakuwangoja wamalize kazi. Aliwakuta palepale walipokuwa, macho wazi, wakilinda wanyama ambao kama wangeachwa wangeliwa. Kila mwaka tunasoma Injili hiyo tukiwa tumeketi kanisani, na pengine hatujawahi kufikiri kwamba nusu saa kwa miguu kutoka hapo yupo mtu anayefanana na wachungaji wale kuliko sisi.

Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, aliyeanzisha Mabinti wa Upendo pamoja na Mtakatifu Luiza wa Marillac mwaka 1633, aliwafundisha masista wake kwamba maskini akiwaita wakati wa sala, wainuke waende bila wasiwasi, maana Mungu waliyekuwa wakisali kwake ndiye watakayemkuta huko. Mafundisho hayo yana karibu miaka 400. Sisi tulikuwa bado hatujayasikia tulipofuta jina la dada yetu.

Mji wetu unayajua hayo

Ikiwa kuna Wakristo wanaopaswa kulielewa jambo hili haraka, basi ni sisi wa Kivu ya Kaskazini. Sikukuu zetu nyingi zimepita katika mikono ya wauguzi.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa mkesha wa Pentekoste. Wengine walikuwa wameandaa nguo nyekundu za kesho yake. Kabla usiku haujakomaa, mlima Nyiragongo ulipasuka na mbingu ikawa nyekundu juu ya mji. Wengi wetu tulichukua watoto na magodoro, tukaelekea Gisenyi au Sake. Lakini mama aliyetoka kupasuliwa hakimbii, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati habebwi kama furushi. Palipokuwa na wagonjwa wa namna hiyo, ilimpasa mtu abaki nao. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, wakuu walipoamuru mitaa kadhaa ya mji ihamwe, swali lilikuwa lilelile: nani anabaki na asiyeweza kutembea?

Kabla ya hapo tulikuwa na Ebola. Ugonjwa huo ulitangazwa mkoani kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 2,287 kufa. Hesabuni wenyewe: Noeli mbili na Pasaka mbili. Noeli ya kwanza ilikuwa haijapita siku mbili, tarehe 27 Desemba 2018, waandamanaji wenye hasira kwa ajili ya uchaguzi ulioahirishwa walipokivamia kituo cha kupokelea wagonjwa mjini Beni, na baadhi ya wagonjwa wakakimbia. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko, ndugu yetu kutoka Kameruni aliyekuja kusaidia, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Butembo. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Mwaka wa 2020 ilitarajiwa kwamba mwisho wa ugonjwa ungetangazwa tarehe 12 Aprili, Dominika ya Pasaka. Tarehe 10 Aprili, Ijumaa Kuu tena, mgonjwa mpya alithibitishwa Beni, na wauguzi waliokuwa wameanza kuhesabu siku za kupumzika wakavaa tena mavazi yao mazito. Wakati sisi tulipokuwa tukiimba Aleluya majumbani, wao walikuwa wanaanza upya.

Kisha ikaja Januari 2025. Dominika ya tarehe 26, ambayo Kanisa liliiadhimisha kama Dominika ya Neno la Mungu, wengi wetu tuliimaliza tukiwa tumelala sakafuni kwa hofu ya risasi, na usiku huo vita viliingia mjini. Hospitali zilijaa majeruhi kupita vitanda. Hospitali ya Charité Maternelle, nyumba ya akina mama na watoto, ilipigwa, na watoto wachanga wakafa. Askofu wetu, Mhashamu Willy Ngumbi, alililaani jambo hilo waziwazi. Tunapoadhimisha Watoto Mashahidi tarehe 28 Desemba, sisi wa Goma hatuhitaji mtu wa kutueleza maana ya siku hiyo. Wala tusiwasahau waliokuwa wakiwalinda watoto wale usiku ule, ambao kesho yake iliwapasa kurudi katika vyumba vilevile kulinda waliobaki.

Nchi yetu ina mashahidi wa huduma hiyo hata mbali na hapa. Huko Kikwit mwaka 1995, kati ya Aprili na Mei, masista sita wa Shirika la Maskini wa Bergamo walikufa kwa Ebola waliyoambukizwa wakihudumia wagonjwa na kuhudumiana wao kwa wao. Baadhi yao walitoka Kinshasa kwenda Kikwit wakijua kwamba ugonjwa mkali umekwisha kuingia nyumbani mwa wenzao. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alizitambua fadhila zao za kishujaa. Na hapa Goma tunaye Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, aliyetangazwa mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Hakuwa muuguzi, kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani, na aliuawa mwaka 2007, akiwa na miaka 26, kwa kuwa alikataa kupitisha chakula kilichoharibika kisije kikawadhuru watu. Yeye alijaribiwa katika saa za kazi, mbele ya meza ya kazi. Kijana Mkristo asifikiri kwamba utakatifu unamngoja mpaka atoke kazini.

Sifa pekee hazitoshi

Mtaona kwamba hatujatumia neno "shujaa" kwa wauguzi wetu. Tumeliacha kwa makusudi. Ni neno zuri, lakini tumeona jinsi linavyotumika. Tunamwita mtu shujaa, kisha tunamwacha na mzigo wake, kana kwamba mashujaa hawachoki, hawana watoto, hawali.

Ukweli wa maisha yao tunaujua. Wauguzi wengi wa Serikali katika nchi yetu hawamo katika orodha ya mishahara. Wanaishi kwa posho ndogo inayotokana na malipo ya wagonjwa, na wagonjwa wenyewe hawana kitu. Tangu vita viingie mjini, benki zilifungwa, na hata aliyekuwa na haki ya mshahara akahangaika kuupata. Muuguzi wa usiku hawezi kutoka nyumbani gizani, kwa hiyo huondoka mapema jua likiwa bado juu, na harudi mpaka kupambazuke. Zamu ya saa kumi na mbili inakuwa ya saa kumi na tano. Siku ya sikukuu pikipiki ni chache na nauli hupanda. Nyumbani ameacha watoto waliovaa nguo mpya ambazo hakuwaona wakizivaa.

Kuna na jambo jingine ambalo wauguzi vijana hutunong'oneza. Mara nyingi anayepangwa zamu ya Noeli ni yule asiyeolewa au asiyeoa, na mwanafunzi aliye katika mafunzo ya kazi, kwa hoja kwamba wao hawana familia. Tunaelewa kwamba mama mwenye watoto wadogo ana haja kubwa. Lakini binti wa miaka 23 ana mama anayemngoja, ana wadogo zake, ana kwaya yake. Akipewa Noeli na Bonane na Pasaka miaka mitatu mfululizo, huo si tena utaratibu. Ni uonevu wa pole pole. Haki ndogo ingetosha: aliyefanya kazi Noeli apumzike Bonane, na orodha ya mwaka huu isomwe pamoja na ya mwaka jana. Tena hospitali za mji wetu zina watu wa dini na makanisa mbalimbali. Muislamu anaweza kumshikia Mkatoliki zamu ya Noeli, na Mkatoliki akamrudishia siku ya Idi. Muadventista anaweza kuchukua Dominika, na sisi tukachukua Jumamosi yake. Pale watu wanapopatana hivyo, mgonjwa hapungukiwi kitu, na majirani hujifunza kuheshimu ibada ya kila mmoja.

Hatuna mamlaka juu ya ratiba za hospitali, wala hatuwezi kulipa mishahara. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwetu, nayo si madogo.

Mambo yaliyo mikononi mwetu

La kwanza ni daftari. Tunapendekeza kila kwaya na kila kundi la vijana litenge safu ya tatu. Mbali na "yupo" na "hayupo", liandikwe "yuko zamu". Muuguzi, askari wa zima moto, mlinzi wa usiku, anayelinda mgonjwa wake hospitalini, wote waingie humo. Naye kwa upande wake atuletee ratiba yake mapema, ajifunze nyimbo kwa muda alio nao, na mwenzake wa sauti ileile awe na wajibu wa kumfundisha. Nafasi yake katika mstari ibaki wazi. Kanuni ya mazoezi matatu inabaki kwa wazembe, ambao ilitungwa kwa ajili yao.

La pili ni Misa na Komunyo. Kanuni ya 1248 inasema kwamba anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wake, na Noeli ina Misa ya mkesha, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Kwa hiyo muuguzi mwingi anaweza kupata moja akijulishwa saa mapema. Viongozi wa vijana wamwendee padri paroko na orodha ya wenzao walio zamu, wamwombe afikirie saa inayomfaa atokaye kazini asubuhi. Na asiyeweza kabisa kutoka, Komunyo impelekee, kwa ruhusa ya hospitali na kwa adabu mbele ya wagonjwa wa madhehebu mengine. Wahudumu wa Komunyo huenda hospitalini kwa ajili ya wagonjwa. Wamtazame na aliyesimama kando ya kitanda, maana naye ana njaa hiyo.

La tatu ni nyumba yake. Hapa ndipo vijana mnaweza kutenda zaidi, na hapa tunataka kukaa kidogo. Muuguzi aliye zamu siku ya Noeli ameacha bidoni zinazongoja maji, makaa yasiyowashwa, watoto wanaouliza mama atarudi saa ngapi. Vijana wawili wa mtaa huohuo wanaweza kuchota maji jioni ya tarehe 24. Msichana anayeaminiwa na familia anaweza kuwapeleka watoto kanisani na kuketi nao katika benchi moja. Shirika linapopika, litenge sahani yake mapema, wala lisimwachie makombo ya chini ya sufuria. Ni kazi zisizo na jina wala sare, na hakuna atakayezipigia makofi. Lakini mama aliye zamu akijua kwamba watoto wake wamekula na wameimba, mikono yake hutulia akiwa kazini, na mgonjwa hufaidika asijue imetoka wapi.

La nne ni mwenendo wetu. Kila muuguzi atawaambia ni nani wanaojaza chumba cha dharura usiku wa Noeli na wa Bonane: vijana waliokunywa kupita kiasi, waliopanda watatu juu ya pikipiki, waliopigana kwa ajili ya neno. Kijana anayetoka Misa akaelekea huko anamwongezea dada yake mzigo, kisha wakati mwingine humtukana kwa kuchelewa kumshona. Anayetaka kumpa muuguzi zawadi ya Noeli, aanze kwa kutofika mbele yake katika hali hiyo. Na aliye na afya, atoe damu kabla ya sikukuu.

La tano ni kalenda. Wengi tunaishi kana kwamba Noeli inakufa tarehe 25 jioni. Kanisa halifanyi hivyo. Noeli ina Oktava yake, siku nane mpaka tarehe 1 Januari, na kipindi chake kinaendelea mpaka Ubatizo wa Bwana. Mama Kanisa, kwa hekima yake, ameacha mlango wazi kwa aliyechelewa. Basi tusimwambie muuguzi wetu pole kwa Noeli iliyompita. Tumwulize yuko huru siku gani, tarehe 27 au 29, tukamwimbie siku hiyo nyumbani kwake, tule naye wali na nyama, au sombe na sambaza kama ndicho kilichopo. Itakuwa Noeli kamili, wala haitakuwa mabaki yake.

Kwenu mlio zamu

Tunajua kwamba kati yenu mnaosoma ukurasa huu wamo wauguzi vijana, wakunga, na wanafunzi wa uuguzi. Kwenu tunasema jambo moja la kidugu. Zamu ni sababu ya kweli. Isigeuke kuwa maficho. Wako waliokosa Noeli moja kwa ajili ya kazi, kisha wakakosa Dominika zote za mwaka kwa mazoea, mpaka siku walipokuwa huru hawakujua tena njia ya kanisani. Mnaowahudumia wanahitaji mikono yenu, na mikono hiyo inahitaji kulishwa. Sali sala fupi unapoosha mikono. Taja moyoni jina la mgonjwa unapomgeuza kitandani. Ukiwa huru, njoo. Mahali pako patakuwa wazi, nasi ndio tutakaowajibika kuyalinda maneno haya.

Na kama mgonjwa anakukaripia usiku wa manane, au mkubwa wa kazi hakukumbuki, usijilazimishe kutabasamu kama sanamu. Una haki ya kuchoka, una haki ya kulia, una haki ya kudai ratiba ya haki bila kuambiwa kwamba umepungukiwa na upendo. Yesu alimsifu Msamaria kwa kumtunza mtu aliyejeruhiwa njiani, lakini Msamaria hakumtunza peke yake mpaka mwisho: alimpeleka nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwingine, akatoa fedha. Hata yeye alikuwa na wa kumpokea.

Dada yetu tuliyemtaja mwanzoni tulimwendea Dominika iliyofuata, tukamwomba msamaha mbele ya kwaya nzima. Alicheka, akasema kwamba alikuwa amekwisha kusahau, jambo ambalo hatuamini. Jina lake lilirudishwa. Noeli iliyofuata alikuwa zamu tena. Katika mstari wa sauti ya pili tuliacha nafasi ya mtu mmoja, na mtoto mdogo wa mwimbaji mwenzetu akauliza kwa sauti kwa nini pale hakuna mtu. Mama yake akamjibu kwamba yupo, ila yuko zamu.

Ya kushirikishana katika kundi

1. Ni nani katika kundi letu aliye zamu Noeli hii? Je, tunajua nyumba yake na saa anazorudi?

2. Tumewahi kumhukumu mwenzetu kwa kukosa ibada bila kumwuliza alikuwa wapi? Tulilitengenezaje jambo hilo?

3. Tuchague kazi moja ya nyumbani tutakayomfanyia mmoja wao kabla ya tarehe 25, na tuandike majina ya watakaoifanya.